Tupeane uzoefu: rivyu ya simu mpya iliwahi kukupoteza, au ilikuokoa?

NuruYaJioni (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo miezi minne, leo nalitoa.

Nilinunua simu baada ya kutazama rivyu sita, na zote nilizitazama hadi mwisho. Zote zilisema kamera yake ya usiku ni ya daraja la juu, na kila mchambuzi alionyesha picha: jengo lenye taa, daraja, mti uliozungushiwa balbu, sahani mezani. Picha zilikuwa safi kweli, wala sidhani kuna aliyezichezea. Wiki ya pili mwanangu akaanza kutembea. Ilikuwa jioni, sebuleni taa moja tu. Nikabonyeza. Simu ikaniambia niishike bila kutikisika, ikahesabu sekunde moja, mbili, tatu. Nilichopata ni zulia zuri ajabu, kila uzi unaonekana, kochi limetulia, na katikati wingu la bluu lenye miguu minne. Hatua za kwanza za mtoto hazirudiwi.

Nikazirudia zile rivyu, moja baada ya nyingine. Katika zote sita hakuna hata picha moja ya usiku yenye kitu kinachotembea. Si mtu, si paka, si gari.

Je, nilidanganywa? Siwezi kusema kuna aliyesema uongo. Lakini haki sikutendewa, na hilo linaniuma hadi leo. Naomba tupeane uzoefu: ulisoma nini, ukakuta nini, na ulichukua muda gani kugundua. Kwa kisa chako mwenyewe usitaje kampuni, maana tukianza hivyo mada itageuka ushabiki wa simu.

BisibisiNdogo

Pole sana dada, hiyo ya mtoto imenigusa. Mimi ni fundi simu, mwaka wa tisa huu. Simu ninazozijua ni zile ambazo wachambuzi wameshazisahau. Zinanifikia zikiwa na mwaka mmoja na nusu, miwili. Tundu la chaji limelegea, waya unaingia lakini mpaka uuegemeze kitu ndipo chaji ishike. Betri imevimba, imekisukuma kifuniko cha nyuma mpaka ukucha unapita.

Chukua hesabu ya betri. Apple wenyewe wanaeleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya kuchaji. Kuanzia iPhone 15 wanasema 1,000. Mchambuzi anakaa na simu siku saba, kumi. Ameona mizunguko kama 10 kati ya 500, halafu anaipa betri alama tisa kwa kumi. Ni sawa na kumpa mwanafunzi matokeo ya mtihani kwa jinsi alivyochonga penseli.

Kuna simu moja ilisifiwa sana kwa wembamba wake. Nimeifungua mara nyingi. Betri imebandikwa kwa gundi tupu, hakuna hata utepe wa kuivuta itoke. Unadondosha spiriti pembeni kidogo kidogo, unasubiri, unapenyeza kadi laini ya plastiki, unaomba betri isipinde. Saa nzima inaisha hapo. Kioo kikipasuka katika kazi hiyo ninalipa mimi. Kwenye rivyu, wembamba ulikuwa sifa bila gharama yoyote.

Hata hivyo siwatupii wao lawama zote. Galaxy Note7 ilipotoka Agosti 2016 wachambuzi waliipenda, na kwa walichokiona walikuwa na haki. Mapema Septemba Samsung wakaanza kuzirudisha kwa sababu betri zilishika moto, na Oktoba wakaacha kabisa kuitengeneza. Pale tatizo halikuwa hongo. Simu ilihitaji siku nyingi zaidi mikononi mwa watu wengi zaidi.

MkobaMzito

Nipingane nanyi kidogo. Mimi rivyu imeniokoa, na naona tunawaonea watu wanaofanya kazi ya maana.

Aprili 2019 Samsung waliwapa wachambuzi Galaxy Fold ya kwanza, ile ya kukunja. Ndani ya siku chache skrini za baadhi yao zikafa. Wengine walikuwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni ile plastiki ya kutoa, kumbe ni sehemu ya skrini yenyewe. Wakaandika, wakaonyesha picha. Kampuni ikaahirisha kuiuza, ikairekebisha, ikaitoa Septemba. Wangekaa kimya, nani angelipia hasara ile?

Na wapo wasiopokea simu ya mtu. Consumer Reports wa Marekani wapo tangu 1936 na bidhaa wanazopima wananunua wenyewe. Mwaka 2010 iPhone 4 ilipata alama za juu kabisa kwenye vipimo vyao, lakini wakakataa kuipendekeza kwa sababu ukigusa pembe ya chini kushoto mtandao ulishuka. Mtu anayetegemea simu ya bure mwakani, angethubutu?

Kisa changu ni kifupi. Kazi yangu ni ya kupiga na kupokea simu mchana kutwa. Nilikuwa nimeshachagua simu yangu, nikakuta mchambuzi mmoja ambaye alipiga simu. Alipiga tu, akaongea dakika ishirini karibu na barabara yenye magari, akaturekodia upande wa pili walivyomsikia. Sauti ilikuwa inakatika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nikaiacha. Wenzake wengi hata hawakukumbuka kwamba ni chombo cha kuongelea.

Mpimaji

Mnaongelea maneno, mimi niongelee namba, maana watu wanadhani namba haina upendeleo.

Kampuni zimewahi kufundisha simu zitambue programu za kupimia kasi. Simu ikiona jina la programu hiyo inafungua nguvu zote, haijali moto wala chaji. Ukiifunga, inarudi kwenye mwendo wake wa kila siku. Mwaka 2013 AnandTech, tovuti ya kuchambua vifaa, walionyesha hilo kwenye Galaxy S4 ya Samsung. Mwaka 2018 wakalikuta kwa Huawei, na wenye programu ya kupimia ya 3DMark wakaziondoa simu hizo kwenye orodha yao. Mwaka 2022 likaja la Samsung kupunguza kasi ya programu nyingi na michezo huku programu za kupimia zikiachwa ziende. Geekbench, nayo programu ya kupimia, wakaiondoa kwenye orodha yao Galaxy S22 pamoja na matoleo ya S21, S20 na S10.

Kwa hiyo mchambuzi anaweza kuwa mkweli kama mizani, na bado akakuletea namba iliyopikwa. Kosa lake liko wapi? Kwangu mimi liko hapa: mara nyingi anapima mara moja, simu ikiwa baridi, akaandika. Mimi hupima mara ishirini mfululizo. Simu yangu ya sasa, mpimo wa kwanza na wa kumi na tano utadhani ni simu mbili tofauti.

Jambo jingine watu hawaliangalii. Simu ya kwenye rivyu inaweza isiwe ile unayouziwa. Galaxy S20 ya 2020 iliuzwa Marekani ikiwa na chipu ya Snapdragon 865, Ulaya ikiwa na chipu ya Exynos 990. Jina moja, boksi moja, moyo tofauti. Rafiki yangu alisoma rivyu ya toleo lenye memori kubwa akanunua lenye memori ndogo, miezi sita likawa linaganda kila akifungua kamera. Rivyu haikuwa na kosa, ila haikuwa ya simu yake.

MkonoMtupu

Yangu ni aibu lakini naisema. Ndani ya boksi la simu niliyonunua kulikuwa na kikadi: toa nyota tano, piga picha ya skrini, tukutumie kava. Nilitoa nyota tano siku ya pili. Mwezi wa tatu maikrofoni ikafa. Nilipokwenda kubadilisha maoni yangu nikakuta mamia ya nyota tano zilizoandikwa siku ya kwanza au ya pili, kama yangu. Kuna mtu alinunua kwa sababu yangu. Marekani tume yao ya biashara, FTC, ilitoa kanuni mwaka 2024 ya kukataza kununua sifa za namna hiyo. Ilikuwa imechelewa sana.

KalamuMezani

Nimeisoma mada hii mara tatu kabla ya kujibu, kwa sababu nilikuwa upande wa pili. Nimefanya rivyu za simu miaka mitatu. Niseme yaliyonitokea, mpime wenyewe.

Simu inakuja kwa mkopo. Unasaini kwamba utairudisha, na kwamba hutatoa neno mpaka siku na saa waliyoipanga. Inakuja na mwongozo wa wachambuzi: vitu vya kujaribu, namna ya kuvijaribu, na simu ipi uilinganishe nayo. Hakuna aliyewahi kuniambia nisifie. Hata mara moja. Lakini saa imeshapangwa, wenzako wote watatoa dakika hiyohiyo, na ukijivuta wiki mbili ili ujaribu vizuri, watazamaji wameshakwenda. Basi unashika mwongozo, kwa sababu ndio njia ya kumaliza kwa wakati. NuruYaJioni, katika miongozo niliyopewa mimi, picha za usiku zilikuwa za majengo na barabara. Nilipiga majengo na barabara. Sikuwahi kujiuliza.

Sasa hili ndilo lililonitoa kwenye kazi. Kulikuwa na simu iliyopata moto ukirekodi video. Niliirekodisha mezani kwangu, dirisha wazi, saa ya ukutani mbele yangu. Dakika ya tisa ikatoa onyo na kuizima kamera. Nikarudia, dakika ya tisa tena. Nikaandika: "Inazima kamera baada ya dakika tisa." Nikaisoma sentensi hiyo muda mrefu. Miezi miwili kabla nilikuwa nimeikosoa simu nyingine ya watu walewale, na iliyofuata ilinifikia wiki tatu baada ya wenzangu. Hakuna aliyelalamika, hakuna barua. Kifurushi tu kilichelewa. Nikaifuta ile sentensi, nikaandika: "Inapata moto kiasi ukirekodi kwa muda mrefu."

Kiasi. Neno moja, na sikupewa hata senti.

Kaka yangu ni mwalimu, hurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi wake. Akanunua simu ile kwa sababu dada yake kaipima. Somo la kwanza, dakika ya tisa, giza. Hakunilaumu. Alitafuta kifeni kidogo cha kubana nyuma ya simu, akaendelea, na kwenye video zake hadi leo unasikia kile kifeni kikivuma chini ya sauti yake. Kila nikikisikia najua ni cha nani.

MkobaMzito

Dada, nimekaa kimya dakika kadhaa baada ya kusoma. Nilisema tunawaonea. Bado nasema kazi ni ya maana, lakini sasa najua uzito wa lile neno. Asante kwa kulisema hadharani.

SikioLaPili

Mimi sioni. Simu naitumia kwa kisomaji skrini, TalkBack, kinachonisomea kila ninachogusa. Rivyu nimezisikiliza pengine kuliko wengi humu, maana kusikiliza ndiko kusoma kwangu.

Nawaambia jambo moja. Mchambuzi atatumia robo saa kueleza mng'ao wa skrini. Kwamba simu hiyo inaongea vizuri au inasuasua, sekunde sifuri. iPhone ilipata kisomaji chake, VoiceOver, mwaka 2009 kwenye 3GS, Android nayo ina TalkBack kwa miaka mingi sasa, si kitu kigeni. Kuiwasha ni dakika moja tu.

Nilinunua simu iliyosifiwa kwa kisomaji cha alama ya kidole kilicho chini ya kioo, eti cha haraka kuliko vyote. Kweli ni cha haraka, kama unaiona alama inayowaka. Kwangu kioo chote ni laini sawasawa, hakuna kovu wala kishimo cha kuongoza kidole. Siku ya kwanza nilijaribu mpaka simu ikajifunga. Siku hizi nimebandika kipande cha utepe ukingoni, kidole kinashuka kutoka hapo. Ile simu ya zamani yenye kitufe cha nyuma, ambayo wote walisema imepitwa na wakati, nilikuwa naifungua ikiwa mfukoni.

Mkiniuliza upendeleo ni nini, kwangu ni huo. Mchambuzi huwa anajipimia yeye mwenyewe.

NuruYaJioni (mwanzisha mada)

SikioLaPili, nimejifunza kitu leo. Fundi, Mpimaji, wote asanteni. KalamuMezani, nina swali moja: kaka yako bado anayo ile simu?

KalamuMezani

Anayo. Nilipoona swali lako nimekwenda kwake, nimekaa nayo siku nne. Imetimiza miezi ishirini na sita.

Bila kifeni, sasa inazima dakika ya sita, si ya tisa. Tundu la chaji linataka waya uinuliwe kidogo, kama alivyosema fundi. Nimepima mara ishirini mfululizo kwa maelekezo ya Mpimaji. Kuanzia wa nane kasi inaporomoka. Nimewasha TalkBack, nikafumba macho, nikatafuta mahali pa kidole: nimekosea mara saba, ya nane simu ikataka namba ya siri. Kisha jioni nimempiga picha mpwa wangu akikimbia sebuleni. Picha kumi na mbili. Mbili zina uso.

Nimeyaandika yote na kuyabandika juu ya rivyu yangu ya zamani, yakianza na ile sentensi niliyoifuta. Ya zamani nimeiacha palepale chini, na neno lake.