Naomba ushauri: nyumba inabaki yenyewe wiki 2, nifanyeje?

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Goba, Dar. Desemba tunapanda Moshi familia nzima, tunaondoka tarehe 20 na kurudi Januari 4. Na mnajua wezi nao wanajua kwamba Wachaga mwezi huo hatupo mjini.

Mwaka juzi tuliacha taa ya barazani inawaka, tukidhani ndiyo ulinzi. Kumbe taa inayowaka saa sita mchana siku kumi mfululizo ni tangazo kwamba wenyewe wamesafiri. Wakakata nondo mbili za dirisha la choo, wakaondoka na TV, mtungi wa gesi na pampu ya maji. Hata sufuria la pilau! Jirani anasema alisikia mbwa wakibweka, akajua ni paka.

Safari hii nimeongeza nondo na mjumbe nitamuaga. Ninapokwama ni hapa: kijana wa shemeji yangu yuko tayari kuja kulala pale, ila marafiki wengi na mdomo haufungi. Mke wangu anataka tumwachie mama jirani ufunguo wa geti tu, awe anafagia majani na kuwasha taa jioni. Mimi nawaza kamera ya laini ya simu, lakini umeme ukikatika si inabaki pambo?

Aliyewahi kutumia kamera za sola, zinahimili? Na kuku wangu sita nimwachie nani? Mke wangu anasema tuwale kabla ya safari.