Naomba ushauri: silikoni za matiti, 275cc au 325cc?

Wadau, msaada kwa wanaojua silikoni za matiti. Vipimo: upana wa titi pale linapoanzia kifuani ni sentimita 12. Ukibana ngozi ya juu ya titi kwa vidole viwili, unene ni sentimita 1.5 tu. Daktari anapendekeza silikoni ya 275cc (cc ni mililita), upana sentimita 11.5, iwekwe chini ya msuli wa kifua, maana unene usipofika sentimita 2 kingo za silikoni huonekana. Moyo unataka 325cc.

Kikombe cha sidiria tukiache, kila kampuni ina C yake. Na silikoni pana kuliko titi inajulikana: hukimbilia kwapani, au matiti yanakutana katikati.

Swali langu: 325cc yenye upana uleule wa 11.5 ila iliyochomoza zaidi, ngozi iliyokaza itaihimili, au litakuwa duara kama mpira? Na jaribio la mchele, yaani kupima mililita 325 kwa jagi, kufunga kwenye soksi laini na kuvaa ndani ya sidiria isiyo na sponji, mnaliamini? Mchele ni mwepesi kuliko silikoni, kwa hiyo uzito haudanganyi hapo?