Wale wa trampolini pale moli wamenidhalilisha mbele ya mwanangu!

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye maegesho, mikono inatetemeka. Mnawajua. Wale wa ghorofa ya juu, wenye trampolini na lile dimbwi la mipira, ambao kila mzazi wa Dar ameshawaachia nusu ya mshahara. Siwataji.

"Mama, kama hujiwezi mpeleke Coco Beach, kule bure."

Hiyo ndiyo kauli niliyopewa leo. Kwa sauti. Foleni nzima ya wazazi imegeuka.

Kosa langu? Nimeuliza kwa nini muda unaanza kuhesabiwa pale kaunta wakati mtoto bado anavalishwa soksi. Basi, hilo tu! Na soksi zenyewe ni zile za vidoti vya mpira, lazima ununue kwao. Tulikuja na za mara iliyopita, zina nembo yao wenyewe, wakasema hizi zimechakaa, chukua mpya. Kwangu nina soksi za vidoti za kuvalisha Taifa Stars na wachezaji wa akiba. Mimi mwenyewe nimelipishwa kiingilio cha kukaa kwenye kiti cha plastiki na kushika viatu. Maji ya nyumbani marufuku, ya kwao chupa moja bei ya katoni.

Mtoto kapanga foleni ya ule ukuta wa kupanda, kafungwa mikanda, kaweka mguu wa pili tu, filimbi! Muda umeisha. Kashushwa kama kontena bandarini, analia. Nikaenda kuuliza, ndipo yule dada wa kaunta, hata macho hajainua kwenye simu: "Kama hujiwezi."

Hujiwezi! Mimi!

Tumeingia kwenye gari mwanangu ananiuliza, "Mama, sisi hatujiwezi?" Nimjibu nini?

Kijana wa Tandale: Nimekaa siti ya mbele. Tiririka mama.

Baba Wawili: Nimewajua kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Mimi nilipeleka keki ya bethdei, wakanitoza hela ya kuingiza keki. Nikaomba kisu, kisu nacho kina bei. Nikaikata kwa kadi ya benki.

Mtoto wa Pwani: Sasa Coco Beach limekuwa tusi tangu lini? Upepo, mchanga, mihogo ya kukaanga na pilipili, mtoto anakimbia mpaka anaomba kurudi nyumbani mwenyewe. Wewe kimekuuma kutajiwa bure mbele ya watu wa kishua.

Mleta uzi: Hujasoma! Coco Beach naipenda na nitakwenda. Shida ni "hujiwezi". Nimeshalipa, risiti ninayo mkononi, halafu naambiwa sijiwezi?

Nesi wa Zamu: Pole dada. Ila mimi hasira zangu kwa hao si za soksi, soksi za vidoti angalau zinazuia kuteleza. Madaktari wa watoto wa Marekani wamesema miaka mingi: wengi wanaoumia kwenye trampolini huumia pale wanaporuka zaidi ya mmoja kwenye turubai moja, na mdogo ndiye anayeumia zaidi. Pale nimekuta majitu ya kidato cha tatu yanaruka na mtoto wa chekechea, na mwenye filimbi yupo, anaangalia saa. Filimbi ya muda inalia, ya usalama hailii. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Mjuaji: Tuwekane sawa, trampolini ya kisasa ilitengenezwa na George Nissen na kocha wake kule Iowa, Marekani, mwaka 1934. Olimpiki imeingia Sydney 2000. Ni mchezo wa heshima.

Mleta uzi: Nani kakuuliza?

Wa Nairobi: Huku kwetu ni yale yale tu, soksi mpya kila ukienda. Mimi hata nimezigeuza za kupigia deki.

Mshika Chaki: Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Kila siku jamani! Ukizinunua pale moli utauza kiwanja. Sisi tulizipata kwenye rede, kombolela na kuruka kamba, mpaka mama aite mara tatu. Leo uwanja wa mtaa umejengwa fremu za maduka, mtoto anashinda na simu, halafu tunashangaa watu wanatuuzia kuruka kwa saa.

Mama Pacha: Mwalimu nawe! Shule zenu zenyewe uwanja uko wapi? Wanangu wanacheza kwenye korido, mapumziko wanaambiwa wakae chini wasichafue sare. Ila mahafali ya chekechea mnayo, joho, kofia, mpiga picha, na ukumbi wa harusi.

Baba Wawili: Joho! Mama Pacha usinitoneshe. La kwangu lilikuwa la kukodi, nikalipia na "ufuaji".

Nesi wa Zamu: Mlikodi? Sisi tulilazimishwa kununua. Mtoto wa miaka mitano atalivaa wapi tena?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Nimeambiwa HUJIWEZI, mbele ya mtoto.

Kijana wa Tandale: Tumekusikia mama, pole. Mama Pacha, hiyo shule ni ile yenye mabasi ya kijani?

Mama Pacha: Hiyo hiyo! Na hela ya basi la likizo walinidai, wakati basi limepaki.

Mtoto wa Pwani: Likizo?! Hao wafungulie uzi wao sasa hivi, tunakuja wote.