Serikali ya Marekani imefungwa na mshahara wa pili unaelekea kukosekana. Nikope au nisubiri Kongresi?

Nyota ya Tanga (mleta mada), 19 Januari 2019, saa 2 usiku

Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni.

Niko Texas. Nyumba yangu inaendeshwa na mshahara wa ukaguzi wa abiria uwanja wa ndege, yale mambo ya vua mkanda, toa kompyuta, nyoosha mikono. Tangu tarehe 22 Desemba sehemu ya serikali kuu imefungwa kwa sababu Rais Trump anataka dola bilioni 5.7 za ukuta mpakani na Wademocrat wamekaza. Kazini watu wanakwenda kama kawaida maana wamehesabiwa kuwa ni wa lazima, ila tarehe 11 karatasi ya mshahara imetoka ina sifuri. Tarehe 25 inakuja nyingine.

Naomba ushauri: nichukue ile mikopo ya haraka, kausha damu za huku, au nivumilie? Na wanaofuatilia siasa, hawa watu wataelewana lini? Kodi ya nyumba ya Januari nimeshalipa, kwa hiyo hapo msihangaike. Matusi hapana.

Mzee Kobe

Nimevuta kiti. Wajuzi wanakuja, mwanangu.

Chumvi Kiasi

Si walisema Mexico ndiyo italipa huo ukuta? Mpelekee Mexico bili ya kodi yako.

Wakili wa Kijiweni

Pole mkuu. Nikueleze mambo yalivyo, maana wengi wanachanganya. Bajeti ya huku haipiti kwa mkupuo kama ile ya Dodoma mwezi wa sita. Kuna miswada 12 ya matumizi, kila mmoja na wizara zake. Mitano ilipita kabla ya Oktoba, ndiyo maana Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, inalipa bila wasiwasi. Saba ikabaki, ukiwemo wa Uchukuzi na wa Usalama wa Ndani. Ukuta uko kwenye huo wa Usalama wa Ndani peke yake, lakini mingine yote imekwama nao mlangoni.

Habari njema ni kwamba Jumatano tarehe 16 imesainiwa sheria inayolazimisha malimbikizo yalipwe, aliyekwenda kazini na aliyefungiwa nyumbani. Fedha zitakuja. Siku ndiyo haijulikani. Kausha damu achana nayo, riba yake itakula malimbikizo kabla hayajafika.

Binti Pangani

Kaka, samahani nitasema ukweli. Mtu una kazi ya serikali ya Marekani, unakosa mshahara mmoja unaanza kulia mtandaoni? Akiba iko wapi? Mnavaa viatu vya bei mbaya, mnabadilisha magari, halafu ukuta wa Trump ndio unasingiziwa.

Mimi mwaka 2013 walipofunga serikali mwezi wa 10 nilikuwa nafanya usafi makumbusho moja Washington, chini ya kampuni ya mkandarasi. Siku 16 geti limefungwa. Walipofungua, waajiriwa wa serikali walilipwa zote, walizokaa nyumbani wanakunywa chai. Sisi wa mkandarasi hatukuona hata senti. Nilikuwa na mimba ya kifungua mimba wangu, natembea na miguu imevimba kutafuta vibarua vya kulea wazee. Leo ana miaka mitano, anasoma vizuri, Mungu ni mwema. Kwa hiyo ukiambiwa malimbikizo yatakuja shukuru, wapo wasio na cha kusubiri.

Mzee Kobe

Hongera kwa mtoto. Ila nina swali la kizee. Juzi nimemkatia mama yenu tiketi ya kwenda kwa binti yake Minnesota. Mle ndani kuna tozo ya usalama, dola 5.60 kwa kwenda na 5.60 kwa kurudi. Abiria analipa, mkaguzi halipwi. Inakwenda wapi?

Wakili wa Kijiweni

Swali zuri mzee. Tozo inakusanywa hata sasa hivi, lakini kukusanya na kutumia ni vitu viwili. Katiba yao inasema fedha haitoki Hazina bila Bunge kuidhinisha kwa sheria. Tena kipande cha tozo hiyo kilishapangiwa na sheria ya 2013 kikapunguze nakisi ya bajeti, hakigusi ukaguzi kabisa. Abiria wengi hawajui hilo.

Fundi Saa

Mleta mada, nimerudia kusoma bandiko lako. Mshahara wa tarehe 11 hukupata. Unaomba mkopo. Lakini kodi ya Januari umelipa. Kwa fedha gani?

Nyota ya Tanga

Fedha nilizokuwa nazo mkuu. Tusitoke nje ya mada.

Fundi Saa

Ulizokuwa nazo zako, au ulizokuwa umeshika?

Chumvi Kiasi

Uwiii.

Nyota ya Tanga, 20 Januari

Haya, maadamu mmenibana. Watanzania wa mtaa huu tuna mchezo, watu kumi, mimi ni mweka hazina. Wiki ya kwanza ya Februari anapokea mama mmoja anayesomesha mtoto Dar. Michango ilikuwa kwangu, nikatoa dola 1,400 nikalipia kodi. Sijaiba. Nimeazima, na nimeandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu na tarehe.

Na sikukurupuka. Tarehe 10 Baraza la Wawakilishi lilipitisha fedha za uchukuzi, nimeona kwa macho yangu kwenye taarifa ya habari. Nikapiga hesabu: Baraza limepitisha, Seneti wiki moja, Rais anasaini, mwisho wa mwezi narudisha. Nani asingefanya hivyo?

Fundi Saa

Uliazima kwa nani? Aliyekuazima anaitwa nani?

Wakili wa Kijiweni

Mkuu, hapo kwenye tarehe 10 ndipo ulipoumia. Muswada uliouona ni wa Wizara ya Uchukuzi. Hata ungepita mpaka mwisho, wangelipwa waongoza ndege, maana wao wako chini ya Uchukuzi. Wakaguzi wa abiria ni wa TSA, idara ya usalama wa usafiri. TSA ilianzishwa Novemba 2001 ikiwa ndani ya Uchukuzi, kweli, lakini tangu 2003 imehamia Usalama wa Ndani, kapu lilelile lenye ukuta. Wawili hawa wanafanya kazi uwanja mmoja, wanakunywa kahawa meza moja, mishahara yao inatoka kwenye miswada tofauti.

Mbinu ya Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi, ni hiyo hasa. Tangu tarehe 3 anapitisha wizara zilizobaki mbalimbali, na Usalama wa Ndani anaupa fedha za muda mpaka tarehe 8 Februari wabishanie ukuta taratibu. McConnell, kiongozi wa walio wengi kule Seneti, hataki kuleta muswada ambao Rais hatausaini. Kwa hiyo ulichokiona kwenye taarifa ya habari hakikuwa na senti ya mkaguzi hata mmoja.

Nyota ya Tanga

Taarifa ya habari ilisema uchukuzi na viwanja vya ndege. Mtu wa kawaida angeelewaje?

Binti Pangani

Mtu wa kawaida hagusi fedha za mchezo! Mama wa watu anasomesha. Kwetu mweka hazina akila fedha za wenzake hata msibani haji mtu.

Kipara wa Temeke

Punguzeni jazba. Mbunge wenu ana ofisi hapo jimboni, mpigie. Wanahesabu simu, ukisema mwaka kesho hupigi kura kwa chama chake watakusikiliza. Wapo wapiga kura wanaobadilisha msimamo wa mtu kuliko maandamano.

Nyota ya Tanga

Mimi kura sina mkuu, bado si raia, niko kwenye kadi ya kijani ya ukaazi.

Kipara wa Temeke

Ngoja kwanza. Kadi ya kijani?

TSA haiajiri mwenye kadi. Mkaguzi lazima awe raia wa Marekani, au mzaliwa wa visiwa vyao vile vya Samoa. Shemeji yangu alijaribu 2016 akarudishwa mlangoni. Wakuu, hii ni CHAI. Tena ya rangi. Tangu jana tunatoa darasa la bajeti ya Marekani kwa mtu asiye na hiyo kazi.

Chumvi Kiasi

Nilihisi. Kalamu nyekundu ilizidi.

Mzee Kobe

Mimi nimepata elimu ya tozo, chai yangu sidai.

Fundi Saa

Mleta mada jitokeze. Sare ya mkaguzi ina rangi gani?

Nyota ya Tanga, 21 Januari

Bluu. Na nembo mabegani. Naipiga pasi kila Jumapili, naijua kuliko mnavyodhani.

Someni bandiko langu la kwanza. Niliandika "nyumba yangu inaendeshwa na mshahara". Sikuandika mimi ni mkaguzi. Mkaguzi ni mke wangu, raia tangu akiwa binti, alikuja huku na wazazi wake. Mimi naendesha gari la kukodi kwa simu, na abiria wangu wengi ni wa uwanjani, kwa hiyo tunaumia wote wawili. Nilificha kwa sababu mngesema mwanaume gani analishwa na mke.

Binti Pangani

Hakuna aliyesema hivyo kaka. Tungekushauri tofauti lakini.

Wakili wa Kijiweni

Tofauti sana. Zipo saccos za wafanyakazi wa serikali, huku wanaziita vyama vya mikopo, zinazotoa mkopo usio na riba kipindi hiki kwa mwanachama aliyekosa mshahara. Anapeleka karatasi yake yenye sifuri, anasaini, anarejesha malimbikizo yakiingia. Lakini anayesaini ni mwajiriwa. Mkeo aende kesho asubuhi.

Nyota ya Tanga

Hapo ndipo pagumu. Akienda atauliza kuna shimo gani wakati kodi imelipwa. Anajua nimelipa kwa fedha za gari. Ndiyo maana nilikuwa naulizia mkopo wa haraka, ule unasaini mwenyewe dakika kumi.

Fundi Saa

Kwa hiyo swali lako la siku ya kwanza halikuwa Kongresi itamaliza lini. Ulikuwa unauliza utamficha mkeo mpaka lini.

Nyota ya Tanga

Msinihukumu. Yeye anaamka saa tisa usiku, anasimama zamu nzima bila malipo, abiria wanamfokea kwa foleni. Mnataka nimwongezee na hili?

Kipara wa Temeke

Bado nasema chai. Kila akibanwa anazaliwa mhusika mpya. Kwanza mshahara, mara mchezo, sasa mke. Kesho atakuja baba mkwe.

Mzee Kobe

Mwanangu Kipara, hata kama ni chai, wapo wana mchezo huko Texas leo wanapigiana simu kuuliza daftari liko kwa nani.

Chumvi Kiasi, 24 Januari

Mmemsikia Waziri wao wa Biashara? Anashangaa kwa nini wafanyakazi wanakwenda kupanga foleni ya chakula cha msaada wakati wangeweza kukopa. Mleta mada, huyu ndiye mshauri uliyekuwa unamtafuta.

Wakili wa Kijiweni

Taarifa ya leo: Seneti imepigia kura mipango miwili, wa Rais umepata 50, wa Wademocrat 52. Inahitajika 60 kusonga mbele. Yote imeanguka. Ila kuna Warepublican waliovuka upande wa pili, hiyo ni dalili.

Wakili wa Kijiweni, 25 Januari, usiku

Imekwisha, siku ya 35. Asubuhi ndege za kwenda LaGuardia zilizuiwa kwa muda kwa uhaba wa waongoza ndege, jioni Rais kasaini. Bunge halikubishana ukuta kwa hotuba mpya, ni vile tu ndege zilipoanza kukwama New York kila mmoja akakumbuka kuna watu wanafanya kazi bure. Fedha za ukuta hakupewa. Serikali imefunguliwa mpaka tarehe 15 Februari wakati kamati ya mabunge yote mawili inajadili mpaka. Malimbikizo yatakuja, jiandaeni.

Nyota ya Tanga

Alhamdulillah. Niliwaambia nivumilie tu. Nimeongea na mama wa mchezo, nimemwomba tubadilishane, apokee mwezi wa pili mwishoni badala ya mwanzoni. Nimemwambia benki ina matatizo.

Fundi Saa

Benki?

Binti Pangani

Kaka, mkeo umemwambia?

Nyota ya Tanga

Malimbikizo yanaingia kwenye akaunti yake. Nitamwambia zikiingia, maana lazima nimwombe hizo 1,400. Mpangilio mzima nimeshauweka.

Wakili wa Kijiweni

Na tarehe 15 wakifunga tena?

Kipara wa Temeke

Akifunga tena atatuletea uzi wa pili, na safari hii mchezo wa baba mkwe. Mods msifute huu, tukutane hapa tarehe 15.