Rottweiler, pit bull, Boerboel: ukali ni wa damu au wa malezi?

Mwenye_Geti

Wakuu, habari za leo. Nataka kuchukua mtoto wa Rottweiler, dume, kwa ulinzi wa nyumba hapa Kibaha. Uwanja ni nusu eka, una ukuta na geti. Ndani kuna watoto wawili, miaka 3 na 7, pamoja na dada wa kazi.

Mzee wangu anapinga. Anasema mbwa hao wana damu mbaya, siku yoyote humgeuka mwenye nyumba. Muuzaji anasema ukali wote ni malezi, na anataka nimchukue akiwa na wiki 5 ili "anizoee mapema". Fundi aliyekuja kujenga banda naye kanishauri mbwa afungiwe gizani mchana, afunguliwe usiku, na apewe pilipili kichaa kidogo kwenye ugali ili awe mkali.

Nani nimsikilize? Naomba maelezo ya kina kwa anayejua.

Mfugaji_Pwani

Mkuu, fundi msahau. Mzee na muuzaji kila mmoja ana kipande cha ukweli.

Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti mkubwa wa Marekani: wenye mbwa zaidi ya 18,000 walijaza madodoso, na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000 vikasomwa. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Utayari wa kumsikiliza mtu ulifuata aina kwa kiasi fulani. Wepesi wa kuchokozeka haukufuata karibu kabisa. Kwa hiyo jina "Rottweiler" peke yake halikuambii mengi kuhusu huyo mmoja utakayemleta nyumbani.

Ila usiruke ukasema damu haina kazi. Aina ni kitu kimoja, wazazi ni kitu kingine. Kule Novosibirsk, Urusi, Dmitri Belyaev alianza mwaka 1959 kuchagua mbweha wapole kuliko wenzao na kuwazalisha wao kwa wao. Baada ya vizazi vichache wakazaliwa mbweha wanaotikisa mkia mtu akisogea. Likatengwa pia kundi la wakali, nalo likazidi kuwa kali kizazi baada ya kizazi. Ukali unarithiwa, ndiyo, lakini anaurithisha baba na mama wa mtoto huyo, hata kama cheti chake cha ukoo kimeandikwa vizuri namna gani.

Basi mwambie muuzaji akuonyeshe mama. Atolewe bandani kwa kamba, wewe simama hatua tano hivi, mpe ubavu, usimkazie macho. Jike mzuri atabweka, atakuangalia, kisha akiona mwenyewe ametulia naye atashuka ndani ya dakika chache. Akibweka huku anarudi nyuma, mkia umeingia tumboni, au akajibanza nyuma ya banda asitoke, ondoka hata kama watoto ni wazuri kama picha. Mbwa wengi wanaouma wanauma kwa woga. Na mtoto anayeona mama yake akihangaika kila mgeni akija anajifunza hivyo hivyo kabla hajaacha ziwa. Ukiambiwa "mama yuko shamba, mbali", mjue huyo ni dalali.

Wiki 5, kataa. Kati ya wiki ya 4 na ya 8 watoto wanachezeana kwa kuumana. Anayezidisha, mwenzake analia na mchezo unakatika, na hapo ndipo mbwa anajifunza kupima nguvu ya taya. Ukimtoa kabla ya hapo utapata mbwa mpole kabisa anayemtoa mtoto damu kwenye mchezo. Chukua wiki ya 8.

Kamba_Fupi

Nakubali mengi ya hapo juu, lakini hiyo asilimia 9 watu wanaitumia vibaya. Inahusu tabia. Haisemi akiuma inakuwaje.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 uliotumia madodoso ya wenye mbwa uliwakuta Dachshund na Chihuahua juu kabisa kwa kuwauma watu, wageni na wenyeji. Ule wa Chuo Kikuu cha Helsinki wa 2021, mbwa karibu 9,000, aliyeongoza ni Collie wa manyoya marefu, yule anayeonekana mpole kwenye filamu. Sawa. Lakini Chihuahua ana kilo 2 au 3, na Rottweiler dume ni kilo 50 na zaidi. Kosa moja la huyu wa pili kwa mtoto wa miaka 3 ni uso au shingo. Mwenye mbwa mkubwa hana nafasi ya kukosea aliyonayo mwenye mbwa mdogo, basi. Mzee ana haki ya kuogopa, hata kama sababu aliyoitoa si yenyewe.

Pili, "ukali" si kitu kimoja. Pit bull alizalishwa kupigana na mbwa, na kwenye utafiti huo wa 2008 zaidi ya mmoja kati ya watano aliripotiwa kuwashambulia vikali mbwa wageni. Kwa watu ni habari nyingine. Mwaka 2007 mamlaka za Marekani zilikamata pit bull wapatao 50 kwenye kesi ya mapigano ya mbwa ya Michael Vick, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani. Wakapimwa mmoja mmoja, karibu wote wakaokolewa, na wengi wakaishia kwenye nyumba za watu. Boerboel wa Afrika Kusini alizalishwa kulinda shamba, kwa hiyo akimkataa mgeni getini anafanya kazi yake. Rottweiler asili yake ni mbwa wa kuswaga ng'ombe wa wachinjaji, mji wa Rottweil, Ujerumani. Huyo anasukuma kwa kifua na bega. Watoto wakikimbia uwanjani atawakata njia na kuwaangusha bila kuuma hata mmoja. Mfundishe kukaa chini watoto wanapoanza kukimbia, tangu akiwa na kilo 10. Ukisubiri afike 40 hutamshika.

Na kwa wanaosubiri serikali ipige marufuku: Uingereza ilipiga marufuku pit bull na aina nyingine tatu mwaka 1991, na ikabidi iongeze aina nyingine, XL Bully, mwishoni mwa 2023. Uholanzi ilifuta marufuku yake ya pit bull mwaka 2008 kwa sababu watu kuumwa na mbwa hakukupungua.

Dkt_wa_Ng'ombe

Naongezea upande wa tiba na ukuzaji, maana hapo ndipo mleta mada ataamua mbwa atakuwaje.

Pilipili haimfanyi mbwa mkali. Inamuunguza tumbo, anaharisha, anapungua. Mbwa mwenye maumivu anamuuma anayemgusa, na anayemgusa ni mtoto au dada. Mwizi hamgusi. Isitoshe, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa.

Banda la giza ni baya zaidi ya pilipili. Ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea vitu vipya kwa wepesi kati ya wiki ya 3 na kama ya 12 hadi 14. Alichokiona hapo bila kudhurika anakihesabu kuwa cha kawaida, na asichokiona anakiogopa ukubwani. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walikuza watoto wa mbwa kwenye uwanja uliozungushiwa uzio bila kuzoeana na mtu. Waliotolewa mara ya kwanza wakiwa na wiki 14 walibaki kama wanyama wa porini.

Una wiki sita hivi tangu umchukue. Kila siku kitu kimoja au viwili vipya, dakika 5 hadi 10: bodaboda inayowashwa, mtu wa helmeti, mwanamke wa baibui, mzee wa bakora, mwavuli unaofunguka, mtu wa gesi na mtungi begani, mtoto anayelia. Mfukoni weka vipande vya firigisi vya ukubwa wa harage. Anza mbali, kitu kikitokea mpe kipande. Akikataa firigisi ujue umemsogeza karibu mno, rudi nyuma mpaka ale tena. Kumvuta kwa kamba "azoee" kunamfundisha kinyume chake.

Watu wanakwama kwenye chanjo. Ile ya mchanganyiko, inayokinga magonjwa ya virusi ya pavo na distempa, huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa ni miezi 3. Usisubiri zote ziishe ndipo umtoe nje, kipindi hicho cha kuzoea vitu vipya kitakuwa kimepita. Virusi vya pavo hukaa ardhini kwa miezi, kwa hiyo mbebe kwenye kapu au mikononi, aone na kusikia, asikanyage mahali mbwa wa mtaani wanapopita.

Kuhusu "kumgeuka mwenye nyumba": Rottweiler anapevuka kitabia kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu. Aliyekuwa anavumilia kuvutwa masikio akiwa na miezi 6 anaweza kukataa akiwa na miaka 2. Aina hii pia ina tatizo la nyonga na viwiko, na mtoto akimpanda mgongoni anamtonesha. Mbwa mzima akibadilika ghafla, mlete apimwe masikio, meno na viungo kabla hujalaumu damu yake.

Mwenye_Geti

Nimeshukuru sana. Mawili tu. Akiningurumia kwenye chakula nimchape? Na mchana wageni wakija nimfunge mnyororo, au nimweke wapi?

Mfugaji_Pwani

Usimchape. Mngurumo ni onyo la karibu na mwisho. Kabla yake kulikuwa na mengine: ameacha kutafuna, mwili umekakamaa, weupe wa jicho umeonekana pembeni, amelamba pua. Ukimchapa kwa kunguruma, hasira inabaki na onyo linaondoka. Ndiyo wale mbwa ambao watu wanasema "kaniuma bila hata kulia".

Fanya hivi. Ana ugali wa dona na dagaa kwenye bakuli. Simama umbali ambao hajali, mrushie kipande cha nyama, ondoka zako. Rudia kila mlo. Akianza kuinua uso na kukungoja, sogea nusu hatua. Akikakamaa, ujue umeharakisha, rudi ulipokuwa jana. Wewe na dada fanyeni, watoto wasihusishwe. Akila, watoto wawe ndani, na wa miaka 3 asiachwe naye peke yake hata dakika ya kujibu simu.

Kamba_Fupi

Mnyororo unamwondolea njia ya kukimbia, anabaki na ya kupigana. Mjengee banda la wavu, mita 3 kwa 4 angalau, nusu kivuli, likitazama mlango wa jikoni ili aone watu wakiingia na kutoka. Usilitazamishe barabarani, akishinda anabwekea wapita njia asiowafikia, hasira hiyo humwishia aliye karibu. Komeo liwe juu, mtoto wa miaka 7 asilifikie. Ukiweza, weka wavu wa pili ndani ya geti kuu, geti likisahauliwa wazi asitoke.

Dkt_wa_Ng'ombe

Nyongeza ya mwisho. Akimuuma mtu yeyote, hata kama ana kadi ya chanjo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa. Mbwa afungiwe na aangaliwe siku 10, asiuawe. Akibadilika au akifa ndani ya siku hizo, mjulishe daktari wa mifugo na hospitali siku hiyo hiyo.