Krismasi na mtoto wa miezi 19: mti, betri, zawadi na usingizi

Swali

Habari zenu wapendwa. Mtoto ana miezi 19, anatembea, anapanda viti, na kila anachookota kinaishia kinywani. Nyumba ni ya kupanga na sebule ni ndogo. Naomba wenye ujuzi watusaidie: mti uwekwe vipi asiuangushe? Zawadi zipi zinafaa kwa umri huu? Siku yenyewe ipangwe vipi ili asianze kulia kuanzia mchana hadi usiku? Babu na bibi pia wanataka kumwona kwa simu ya video, na tofauti ya saa ni kubwa.

Mama wa mdogo

Jibu: mti na taa

Dada, anza na mti, maana ndio unaohitaji muda. Chagua kona yenye kuta mbili, angalau mita 1 kutoka kwenye hita au moto wowote, na usiache kiti wala sofa karibu ambapo mtoto anaweza kupanda. Stendi iwe na miguu iliyotanuka. Mtoto wa umri huo ana kilo 10 hadi 12. Akining'inia kwenye tawi kwa uzito wake wote, mti huinama upande wake na kumwangukia yeye mwenyewe.

Dawa yake ni mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene unaobeba kilo 15 au zaidi. Ufunge kwenye shina, si kwenye tawi, theluthi mbili kwenda juu. Tumia nyuzi mbili zilizoachana kama herufi V, kila mmoja ukienda kwenye ukuta wake. Uzi mmoja huzuia mti kuja mbele tu. Ukisukumwa ubavuni utazunguka na kulala. Mwisho wa uzi ufungwe kwenye skrubu ya pete iliyoingia kwenye mbao, au iliyokaza kwenye kizibo cha plastiki ndani ya ukuta. Nyuzi zote zipite nyuma ya mti, juu ya kichwa cha mtoto. Uzi unaokatiza mahali anapopita, kwa urefu wa shingo, ni hatari kuliko mti wenyewe.

Kama ni mti halisi uliokatwa, kata tena kipande cha sentimita 2 hivi kwenye kitako kabla hujauweka majini. Shina lililokaa saa kadhaa bila maji huziba kwa utomvu na halinywi tena. Usilichonge gome ili liingie kwenye stendi ndogo, kwa sababu sehemu ya nje ya shina ndiyo inayonyonya maji vizuri. Tafuta stendi kubwa. Kadiria lita 1 kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za upana wa shina, kwa hiyo shina la sentimita 10 linahitaji kama lita 4, hasa siku ya kwanza. Maji yakishuka chini ya mkato, hata kwa muda mfupi, itabidi ukate upya, jambo ambalo haliwezekani mti ukishapambwa. Weka maji matupu, bila sukari wala dawa, kwa sababu mtoto ataingiza mkono humo na kulamba. Funika bakuli kwa kipande cha mbao kilichokatwa katikati.

Taa sasa. Nunua za LED zenye transfoma ndogo, ili waya unaofika mtini uwe na volti chache. Ukizileta kutoka nchi nyingine, soma kibandiko kwanza. Taa zilizotengenezwa kwa volti 120 zikichomekwa kwenye volti 230 zitaungua, na adapta ya plagi haizuii hilo: hubadilisha umbo la plagi tu, umeme unabaki ule ule. Transfoma iliyoandikwa 100–240V inakubali kote. Waya ushuke nyuma ya mti hadi kwenye soketi, usipite sakafuni. Taa zizimwe mnapolala na mnapotoka.

Mapambo ya kioo na yenye vipande vidogo yaanzie mita 1.2 kwenda juu. Chini weka ya kitambaa, mbao au karatasi ngumu, na uyafunge kwa utepe mfupi badala ya vile vikulabu vya waya, ambavyo hudondoka kwenye zulia na kutoonekana.

Fundi

Jibu: betri, tafadhali someni hii

Kuhusu mti sina la kuongeza. Mimi naomba tukae kidogo kwenye betri bapa za duara, zile zinazofanana na sarafu, maana ziko kila mahali msimu huu na wazazi wengi hawazioni: ndani ya mishumaa ya plastiki inayowaka, kadi zinazoimba, rimoti ndogo za taa, kofia zenye vimulimuli, hata kwenye mapambo ya mtini.

Inayotisha zaidi ni ya lithiamu yenye upana wa milimita 20, iliyoandikwa CR2032. Ina upana wa kutosha kukwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Ikikwama, umeme wake hupita kwenye unyevu wa mwili na kutengeneza kemikali kali ya alkali upande wa hasi, inayounguza nyama. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Betri iliyochoka, ambayo haiwashi tena kadi, bado ina nguvu ya kutosha kuunguza. Kwa hiyo betri kuukuu haiachwi mezani hata dakika moja: izungushie selotepu pande zote mbili, uiweke juu kabisa, kisha uipeleke panapokusanywa betri.

Dalili hudanganya. Mtoto anaweza kutokwa na mate mengi, kukataa chakula, kukohoa au kukoroma kifuani, na anaweza kuonekana mzima kabisa. Ukiona betri haipo mahali pake na hujui ilipo, hesabu kwamba ameimeza na mpeleke hospitali papo hapo akapigwe eksirei. Usimtapishe. Kama ana zaidi ya miezi 12, ameimeza ndani ya saa 12 zilizopita, na anaweza kumeza, mnaweza kumpa asali mkiwa njiani: mililita 10 kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6. Asali hupaka juu ya betri na kupunguza kasi ya kuunguza, haiitoi. Usichelewe kuondoka kwa ajili ya kutafuta asali, na zaidi ya hiyo asile wala asinywe kitu. Mtoto wa chini ya miezi 12 hapewi asali kabisa.

Hatari kama hiyo iko kwenye sumaku ndogo zenye nguvu. Ikimezwa moja pengine itapita. Zikimezwa mbili, huvutana kutoka sehemu tofauti za utumbo, zikaubana katikati na kuutoboa.

Kupima vitu vingine, chukua kile kibomba cha karatasi kinachobaki baada ya karatasi ya choo. Kinachopenya humo kisimfikie. Zabibu mbichi zikatwe kwa urefu, vipande vinne. Karanga nzima na bisi ziwe za wakubwa. Puto lililopasuka liokotwe mara moja, kwa sababu mpira wake hugandana kooni na kufunga njia ya hewa.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa sauti, mwache akohoe. Sauti ikikatika, mwinamishe umpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, bonyeza ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu huku mwenzio akipiga simu ya dharura. Usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona. Kwa aliye chini ya mwaka 1 tumbo halibonyezwi, hubonyezwa kifua.

Na mikoba ya wageni: itundikwe juu, au iingie chumbani na mlango ufungwe. Dawa za presha na za sukari hutembea ndani ya mikoba. Glasi zenye mabaki ya pombe ziondolewe usiku ule ule, kwa sababu mtoto huamka kabla ya wakubwa, na pombe kidogo inaweza kushusha sukari ya damu yake vibaya.

Nesi wa watoto

Jibu: zawadi na mpangilio wa siku

Mpenzi, kwa miezi 19 zawadi tatu au nne zinatosha. Kinachomfurahisha ni kitu cha kupanga, kusukuma, kujaza na kumwaga: vitalu vikubwa vya mbao, kigari cha kusukuma, vikombe vya kuingiliana, kitabu cha kurasa ngumu. Ndugu wakileta nyingi, mpe moja asubuhi, nyingine baada ya kulala mchana, na zilizobaki zigawe hadi wiki inayofuata. Akifungua ya kwanza na kutaka kuichezea nusu saa, mwache. Kumnyang'anya ili afungue ya pili ndiko huanzisha kilio ambacho watu husema ni cha uchovu.

Usiku wa kuamkia sikukuu toa kila kitu kwenye boksi. Kata zile waya zilizosokotwa, toa plastiki na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu, weka betri, jaribu kama kinafanya kazi. Utahitaji bisibisi ndogo ya nyota, kwa sababu mfuniko wa betri kwenye kichezeo cha mtoto unatakiwa kufungwa kwa skrubu. Kama unafunguka kwa ukucha, kichezeo hicho kirudishwe dukani. Kisha funga upya kwa selotepu kipande kimoja tu, na uchane karatasi kidogo pembeni ili apate pa kuanzia. Nimesisitiza boksi kwa sababu mtoto aliyekiona kichezeo hawezi kusubiri dakika kumi za mkasi.

Siku ijengwe juu ya usingizi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana. Huo wa mchana hauondolewi, hata wageni wakiwa mlangoni. Chakula kikubwa kiwekwe baada ya kuamka kwake, na yeye alishwe kabla, asisubiri sufuria. Meza isiwe na kitambaa kinachoning'inia, atakivuta na supu juu yake. Mtu aliyevaa kama Baba Krismasi asimbebe kwa nguvu. Kuogopa sura ngeni kwa umri huu ni hali ya kawaida, na picha inaweza kupigwa akiwa mikononi mwa mama.

Simu kwa babu na bibi: ipangwe nusu saa baada ya kuamka, akiwa ameshiba. Dakika 10 zinatosha. Simu isimamishwe kwa urefu wa macho yake, dirisha likiwa mbele yake na si nyuma, vinginevyo wataona kivuli. Waombe wazee waimbe au waonyeshe kitu, maana "sema shikamoo" mara kumi humkimbiza. Na andikeni saa vizuri. Ukiandika "saa 3", bibi atasoma saa tatu ya Kiswahili, wakati simu yako ikionyesha 3:00 ni saa tisa. Andika "saa tatu usiku, yaani 21:00, kwa saa za kwenu".

Mwalimu wa chekechea

Swali tena

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mwenye nyumba haruhusu kutoboa ukuta. Kulabu za gundi zinafaa? Halafu siku ya pili tunasafiri kwa gari kwa muda wa saa mbili kwenye baridi.

Mama wa mdogo

Jibu

Hazifai, dada. Kulabu ya gundi imetengenezwa kubeba kitu kinachoning'inia kwenda chini. Ikivutwa mbele hubanduka, tena na rangi ya ukuta. Weka mti mfupi wa sentimita 60 juu ya samani nzito na pana asiyoweza kupanda, na waya wa taa usining'inie mbele. Uzio wa kuchezea mtoto uliouzunguka mti mkubwa nao unasaidia, lakini ukikaa karibu kiasi kwamba mkono wake unafika tawini, hauna kazi.

Fundi

Jibu: safari na dawa

Kwenye gari mvue koti nene kabla ya kumfunga. Ajali ikitokea, sponji ya koti hubonyea na mkanda hubaki umelegea. Mfunge akiwa na nguo nyembamba za tabaka, kaza hadi usiweze kuufinya mkanda kwa vidole penye mtulinga, kisha mfunike blanketi juu ya mkanda.

Beba dawa ya homa, kwa sababu siku hizo zahanati nyingi hufungwa, na soma nguvu yake. Sharubati ya paracetamol si moja duniani: kuna yenye miligramu 120 kwa mililita 5, na kuna ya 160 kwa mililita 5. Kipimo ni hadi miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 12 hiyo ni miligramu 180 kwa mara moja: mililita 7.5 ya ile ya kwanza, lakini mililita 5.6 tu ya ile ya pili. Pita saa 4 hadi 6 kati ya dozi, na zisizidi 4 kwa saa 24. Tumia bomba la dawa lenye alama, si kijiko cha chai. Aspirini asipewe.

Kabla ya kuondoka andika kwenye karatasi anwani ya mnakofikia, kwa lugha ya nchi hiyo, na namba ya dharura: 112 kwa nchi za Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada. Ibandike karibu na mlango mkifika, ili hata mgeni asiyejua mtaa aweze kuisoma kwenye simu.

Nesi wa watoto