Mjadala: Walimu hodari wapelekwe P1 (darasa la kwanza) au wabaki P7 (la saba, la mwisho la shule ya msingi)?

Mwalimu, Kyegegwa

Tukizungumzia msongamano wa madarasa Uganda, mara nyingi tunaishia kwenye idadi: watoto wengi, mwalimu mmoja, vyumba havitoshi. Ni kweli. Lakini naomba tuangalie msongamano huo unakaa wapi ndani ya shule. Haukai P7. Unakaa P1 na P2. Katika shule nyingi za serikali ninazozijua, P7 wana madawati na mwalimu wa kila somo. P1 wamebanana sakafuni, na wamepewa mwalimu mmoja, mara nyingi yule mgeni kazini.

Hoja yangu: maadamu madarasa mapya hayajajengwa, walimu bora waende P1 hadi P3, na mwalimu wa ziada akipatikana aende huko huko, hata kama P7 itapungukiwa.

Kusoma kunafundishwa kwa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Ukiwa na watoto 120 na kila mmoja ukampa dakika moja tu, saa mbili zimekwisha na hujafundisha kitu kingine. Kwa hiyo mwalimu anafanya linalowezekana: anasoma ubaoni, darasa zima linaitikia. Mtoto wa nyuma anaitikia kwa sauti safi kabisa, na herufi hata moja haijui. Daftari zinasahihishwa chache chache, aliyekosea Jumatatu anaendelea kukosea hadi wiki inayofuata, na mwisho wa mwaka anapandishwa darasa pamoja na wenzake.

Halafu inakuja P4. Kwa mtaala ulioanza 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, na P4 masomo yanageukia Kiingereza. Huku kwetu, karibu na makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, benchi moja lina mtoto wa Kiswahili cha Kongo, wa Kinyarwanda na wa Kitooro. Asiyejua kusoma kwa lugha yoyote akifika hapo, Kiingereza kinamfungia mlango. Tathmini za Uwezo, shirika linalopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, zimeonyesha mara nyingi, tangu 2010, kwamba watoto wengi wa P3 hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha P2.

Wapo wanaosema UPE, mpango wa elimu ya msingi bila ada ulioanza 1997, ndiyo iliyoharibu. Sikubali. Mwaka 1996 shule za msingi zilikuwa na watoto milioni 3 hivi, na 1997 wakapita milioni 5. Wale walioongezeka walikuwa na haki ya kuwa darasani, na hakuna mtoto ninayetaka arudishwe nyumbani leo.

Mama wa P7, Fort Portal

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na nimeumia. Mwanangu anafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka huu. Asipopata alama nzuri, hiyo sekondari tunayoitamani haitamchukua, na ada ya shule ya binafsi sina. Wa P1 bado ana miaka sita mbele yake. Wangu ana miezi. Tena ni mmoja wa waliokaa nyumbani shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Alishapoteza vya kutosha. Sasa unataka na mwalimu wake wa hesabu aondolewe?

Mwalimu mkuu mstaafu, Tororo

Mwanangu, unachosema nilikijua nikiwa kazini. Lakini matokeo ya PLE yakitoka, wilaya, wazazi na redio wote wanamuuliza mwalimu mkuu swali moja: daraja la kwanza ni wangapi? Sikuwahi kuulizwa watoto wangapi wa P2 wanajua kusoma. Na ruzuku ya serikali inakuja kwa hesabu ya vichwa, basi kupunguza watoto ni kupunguza hata pesa ya chaki. Mimi ningeshauri zamu mbili, wengine asubuhi, wengine mchana.

Mwalimu, Kyegegwa

Mama, hofu yako ni ya haki, na sitaki P7 ya mwaka huu iguswe. Mabadiliko yaanze na P1 watakaoingia mwaka ujao. Ila tazama pia wanaofika P7 ni wangapi ukilinganisha na walioanza pamoja nao. Wengi waliopotea njiani walichoka kukaa mahali wasipoelewa kitu. Darasa la mwanao lina nafasi kwa sababu wao hawapo. Hilo linaniuma kila Februari ninapoandikisha wapya.

Mzee wangu, zamu mbili zinasaidia chumba. Kama mwalimu ni yule yule asubuhi na mchana, hazimsaidii yeye, na ifikapo saa nane sauti imekwisha. Zikija pamoja na mwalimu wa pili, nakuunga mkono bila shaka. Kuhusu swali la wilaya, hapo umegusa penyewe. Mkaguzi akija shuleni aketi P3, achague mwenyewe watoto kumi, wasichaguliwe na mwalimu, awape ukurasa mmoja wasome, na alichokisikia akiandike kwenye ripoti ya mwalimu mkuu kando ya matokeo ya PLE. Haihitaji jengo wala mkopo.

Walimu wa P1 mliomo humu, hasa wa Yumbe na Isingiro, wilaya zenye makazi ya wakimbizi kama yetu: mwaka huu mmepangiwa wanafunzi wangapi, na nani aliamua mfundishe darasa hilo?